Cherehani Tatu Nyuma ya Kanisa: Namna ya Kuutumia Ufundi Wako kwa Vijana wa Mtaani

Alhamisi saa nane mchana, ukipita nyuma ya kanisa letu hapa Mwanza, utasikia cherehani za kukanyaga kabla hujaona mtu. Ndani kuna cherehani tatu, meza ya kukatia tuliyorithi kwa kwaya, pasi ya mkaa, na vijana sita au saba. Wawili kati yao jana wamelala nje, mtaa wa Makoroboi. Wengine wana kwao, ila kwao kwenyewe hakukaliki.

Mimi ni fundi wa nguo. Sikusomea ualimu wala theolojia. Ninawaandikia watu wa aina yangu: muumini mwenye kazi yake ya mikono au ya kalamu, anayewaona vijana wanaharibikiwa mbele ya macho yake, akifika kanisani anasikia tangazo la kuwaombea, anaitika amina na kurudi dukani kwake. Nitatumia mfano wa cherehani kwa kuwa ndiyo inayonilisha. Kinyozi, fundi simu, mpishi wa maandazi au mhasibu abadilishe vifaa tu.

Kwanza: katakata ufundi wako

Ukiniuliza najua nini, nitakujibu najua kushona. Jibu hilo halimfai kijana asiyejua jioni atakula nini. Kaa na daftari uandike kila kazi iliyopita mikononi mwako wiki nzima. Mimi niliandika: kupunguza upindo wa suruali, kubadilisha zipu, kubana kiuno, kutia kiraka, kufunga vifungo, foronya, sare za shule, gauni, suti. Kisha mbele ya kila kazi nikajiuliza: mtu asiyejua lolote atachukua muda gani mpaka mteja akubali kumlipa? Upindo, wiki tatu. Zipu, mwezi na nusu. Suti, miaka, na wengine hawafiki.

Anza na kipande kinacholipa mapema. Nilitaka kuwafundisha kama nilivyofundishwa, yaani miezi ya vipimo na kuchora patani kwenye magazeti. Kijana aliyezoea kuuza vyuma chakavu na kushika hela siku hiyohiyo hawezi kukungoja miezi mitatu, na huwezi kumlaumu. Hapa Mwanza bahati yetu ni soko la mitumba la Mlango Mmoja. Suruali nyingi pale zilishonewa watu warefu, na anayenunua lazima atafute wa kumpunguzia. Kazi ipo kila siku.

Kinyozi ataanza na kipara na ndevu kabla ya hizo mitindo za kuchora kichwa. Mhasibu asiwaze kufundisha hesabu za kampuni. Kijana anayeuza maji stendi anahitaji kujua tu kama jana alipata faida au alikula mtaji.

Pili: wafuate walipo kabla ya kuwaita ulipo

Usiende peke yako, na usiende na mkate wala kamera. Mtafute mtu wanayemfahamu. Kwetu alikuwa mama anayewauzia uji, maana wanaomkopa ni haohao. Pitia pia kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri umweleze unachotaka kufanya. Wengi hufurahi kupata mtu mwenye kazi ya kufundisha, kwa sababu wanaoleta nguo za zamani ni wengi.

Nenda saa nne au saa tano asubuhi. Mapema zaidi wamelala, na jioni kila mmoja yuko kwenye mishe zake. Usiulize kwa nini walitoroka nyumbani. Uliza wanapataje riziki: chupa, skrepa, kubeba mizigo, kuosha magari, udeiwaka kwenye ujenzi. Utasikia watu wenye akili ya biashara kukupita.

Hapo utagundua kwamba "vijana wa mtaani" ni makundi kadhaa. Kuna wanaolala nje. Kuna wanaoshinda nje na kurudi kulala nyumbani. Kuna mabinti waliotoka vijijini kufanya kazi za ndani, wakafukuzwa bila nauli. Hawa huwaoni kwa urahisi, maana wanajificha, na anayewaona kwanza mara nyingi si mtu mwema. Kuna waliomaliza darasa la saba au kidato cha nne na sasa wamekaa tu kijiweni. Chagua kundi moja. Sisi tulichukua wa miaka 15 na kuendelea, wavulana na wasichana, siku moja, chumba kimoja, wakubwa wa jinsia zote mbili wakiwepo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na umri wa chini kabisa wa kuajiriwa au kuingia uanagenzi ni miaka 14. Kazi za usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, haziruhusiwi kwa mtoto. Kwa hiyo mtoto wa miaka 11 akija anataka kushona, mpe uji na umkabidhi kwa ustawi. Mahali pake ni shuleni, hata kama anashika mkasi vizuri kuliko kaka zake.

Tatu: omba chumba, usiombe hela

Ukienda kwa baraza la wazee na bajeti, utaambiwa usubiri mwaka ujao. Nenda na karatasi moja: siku gani, saa ngapi hadi saa ngapi, vijana wangapi, nani watasimamia, ufunguo atashika nani. Cherehani ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa imekaa kwa mjane mmoja wa usharika tangu mumewe afariki, imefunikwa kitambaa cha kufumwa na juu yake redio. Majumbani kuna cherehani nyingi zilizogeuka meza. Tangaza, utaletewa.

Swali litakaloulizwa ni moja: hawataiba? Usiape kwamba hawataiba. Mimi nilijibu kwamba inawezekana, ndiyo maana nimeomba kabati lenye kufuli. Mwaka wa kwanza vilipotea vitu viwili, mkasi na pasi. Pasi ilikuwa imeazimwa na kwaya.

Mzee mmoja akauliza ushonaji unahusiana vipi na injili. Nikamkumbusha Dorkasi wa Yafa, Matendo sura ya 9. Alipofariki wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha nguo alizowashonea. Maandiko hayatuambii hata neno moja alilowahi kusema yule mama. Yametaja nguo.

Nne: ulinzi, na hapa usiruke hata mstari

Makanisa yetu hupata shida hapa kwa sababu tunaaminiana. "Tunamfahamu, ni mzee wa kanisa" ni maneno yaliyowaponza watoto wengi. Andikeni kanuni kabla ya siku ya kwanza, zibandikwe ukutani, na zimhusu mchungaji kama zinavyomhusu mgeni.

Zetu ni hizi. Mtu mzima hakai peke yake na kijana. Wakubwa wawili au zaidi, na mlango uko wazi. Hakuna kijana anayepelekwa nyumbani kwa mfadhili, hata kula, hata mvua ikinyesha. Hakuna kupakizana kwenye pikipiki usiku. Hakuna anayelala kanisani: kulaza watoto ni kazi ya makao yenye leseni, na ukianza kwa huruma utamaliza kwa kesi. Anayetaka kujitolea analeta barua ya usharika alikotoka, na tunapiga simu huko kuuliza. Picha hazipigwi, labda za mikono na nguo.

Fundi wa nguo ana jambo lake la ziada ambalo sikuwahi kulisikia kwenye semina yoyote. Kazi yetu ni kupima watu. Futi kamba inazunguka kifua, kiuno, nyonga. Dukani kwangu hilo ni la kawaida, lakini chumbani mle yuko binti ambaye kila mkono uliomgusa ulimwumiza. Binti mmoja nilipomkaribia na futi kamba aliruka mpaka kwenye kona, akajigonga kabatini. Tangu siku hiyo hatupimi miili. Tunapima nguo inayomtosha mtu, tunailaza mezani na kuandika. Ikibidi kupima mwili, wasichana wanapimana wenyewe mbele ya mama msimamizi. Kinyozi naye afikirie: unashika kichwa cha mtu, umesimama nyuma yake, una wembe. Mwambie unachofanya kabla ya kukifanya.

Kijana akikueleza kwamba ameumizwa au anaumizwa, usimchunguze kama askari na usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Sheria inamtaka kila mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Mpeleke kwa afisa ustawi, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Namba hiyo tumeiandika mlangoni kwa rangi, kwa ndani, wanapoiona wote. Na anayelalamikiwa akiwa mmoja wenu, njia ni hiyohiyo. Msiitishe kikao cha kusuluhisha.

Tano: siku ya kwanza, toa uzi

Usianze na hotuba. Wape chakula kwanza, cha kushiba. Mtu mwenye njaa anajichoma sindano. Kijana aliyevuta gundi siku hiyo hagusi cherehani. Hafukuzwi: anakula, anakaa kwenye benchi, anaangalia wenzake.

Kisha ondoa uzi kwenye cherehani, juu na chini. Chukua karatasi ya daftari yenye mistari, uiweke chini ya mguu wa cherehani, umwambie kijana atoboe akifuata mstari. Mwanzoni cherehani itarudi nyuma, maana miguu haijazoea pedali, na gurudumu linazunguka kinyume. Mwache. Mkono wa kulia unalisukuma gurudumu kuelekea kwake, miguu inafuata, kisigino kisha vidole, kisigino kisha vidole. Karatasi ya kwanza vitundu vitatangatanga kama njia ya mlevi. Ya tano vitaanza kuukaribia mstari. Mstari ukinyooka, mchoree pembenne ajifunze kugeuza konani: sindano ibaki chini, mguu uinuke, karatasi igeuzwe. Halafu mchoree konokono, duara ndani ya duara.

Karatasi haina gharama na hakuna uzi wa kukatika, kwa hiyo hakuna kosa la kulipia. Na mwisho wa siku ana kitu cha kuinua kwenye mwanga wa dirisha akaona vitundu vyake mwenyewe. Kijana mmoja alikunja ya kwake akaiweka mfukoni. Wiki iliyofuata alikuja nayo, imelowa na kukauka, akailinganisha na mpya bila kuambiwa.

Uzi uje wiki ya pili: kuvesha, kujaza bobini, kusikia kwa sikio kwamba kubana kwa uzi hakuko sawa. Wiki ya tatu upindo kwenye mabaki ya vitambaa. Wiki ya nne suruali ya mtu.

Ukikosoa, kosoa mshono. "Mshono huu umepinda, fumua" anaweza kuupokea. "Wewe huwa husikii" amekwisha kuusikia kwa baba wa kambo, kwa mgambo na kwa kondakta.

Sita: Neno lina nafasi yake, lisifichwe na lisitegwe

Tupo kanisani, kila mtu anajua. Tunaomba kwa kifupi kabla ya kula. Baada ya kazi, wanaotaka wanabaki dakika ishirini, tunasoma habari moja na kuulizana maswali, wasiotaka wanakwenda. Tuna vijana Waislamu, na tangu siku ya kwanza waliambiwa waziwazi kwamba cherehani haina sharti la ubatizo. Chakula hakitegemei kubaki. Ukifanya mafunzo kuwa chambo, watameza chambo na kukuachia ndoana. Wana uzoefu na wafadhili kuliko wewe.

Sisi ni Walutheri, ila mwalimu wangu katika hili ni padri Mkatoliki. Tarehe 8 Desemba 1841, mjini Turin, Italia, kijana kibarua aliingia sakristia, chumba cha padri kuvalia mavazi ya ibada. Mtumishi wa kanisa alipoona hajui kuhudumia misa, alimtimua kwa kipigo. Padri Yohane Bosco akaagiza aitwe arudi. Akamuuliza kama anajua kusoma: hajui. Kuandika: hajui. Kuimba: hajui. Kupiga mluzi je? Kijana akatabasamu. Mafunzo yakaanzia hapo. Bosco mwenyewe alikuwa amejifunza ushonaji akiwa kijana maskini, na mwaka 1853 alifungua karakana za kushona viatu na nguo kwa vijana aliowalea. Shirika lake la Wasalesiani bado linafundisha ufundi, hapa kwetu ukienda Dodoma au Iringa utawakuta.

Jambo moja la kukataa: usimpandishe kijana madhabahuni kutoa ushuhuda wa maisha yake ya mtaani wageni wanapokuja. Shati alilopunguza linatosha.

Saba: hela

Siku kijana anapolipwa kwa mara ya kwanza utaiona usoni, basi isichelewe. Upindo mmoja kwetu ni shilingi 1,000. Kijana anapata 600, uzi na sindano 200, akiba yake 200. Kila senti inaandikwa kwenye daftari mbele yake, na anaweka sahihi au dole gumba. Akiba inashikwa na mtunza hazina wa usharika, kwa sababu anayelala nje akiwa na hela mfukoni huamka bila hela, au haamki vizuri. Akiitaka anapewa wiki hiyohiyo. Ni yake.

Wateja wa kwanza wawe waumini walioelezwa kwamba ni kazi ya wanafunzi. Msikimbilie tenda kubwa. Tukiwa na miezi minne tu tangu tuanze nilikubali kushona mashati ya kwaya, 22, kwa ajili ya Pasaka. Nilijivuna. Yalitoka na mikono ya urefu tofauti, na mwenyekiti wa kwaya, mtu mwungwana kabisa, aliimba ibada nzima akiwa amekunja mikono mpaka viwikoni ili isijulikane. Nilifumua kumi usiku wa Jumatatu peke yangu. Kosa lilikuwa langu, na niliwaambia hivyo.

Nane: wapeleke nje

Chumba cha kanisa kisiwe mwisho wa safari. Kijana akimudu upindo, zipu na kiuno, mtafutie fundi mwenye duka mtaani. Andikianeni. Bosco alifanya hivyo pia: mwaka 1852 aliweka sahihi mkataba wa kijana na seremala, na fundi akaahidi kumrudi kwa maneno tu, bila kipigo, na kumwachia sikukuu zake. Wa kwetu ni ukurasa mmoja: anafundishwa nini, kwa muda gani, analipwa nini, anapumzika lini, hapigwi. Fundi, kijana na msimamizi mmoja wanasaini. Pitia pale kila wiki mbili, ukijifanya umekwenda kuazima uzi.

Aliyejifunza kazi bila chuo anaweza kupimwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kupitia mpango wa kurasimisha ujuzi akapata cheti. Lakini mapema kabisa anza kushughulikia karatasi zake, maana hapo ndipo penye foleni: cheti cha kuzaliwa cha RITA, barua ya serikali ya mtaa, na akifikisha miaka 18, kitambulisho cha NIDA. Kijana asiyejua hata kijiji alikozaliwa kimeandikwaje atahitaji mtu wa kukaa naye kwenye mabenchi ya ofisi. Kama huna ufundi wowote wa mikono lakini una subira na unajua kujaza fomu, kazi yako ndiyo hii, na wanaoijua ni wachache.

Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ambapo asilimia 4 ni za vijana, ipo kwa vikundi vilivyosajiliwa. Mimi siwaharakishi. Kikundi cha watu waliofahamiana miezi miwili, wakipewa mamilioni, huachana kwa ugomvi na deni likabaki kwa asiyekimbia.

Tisa: wataondoka, na wewe usiondoke

Wengine watakwenda machimbo Geita bila kuaga. Wengine watakamatwa. Jina la mtu tusilikate daftarini. Tunaandika tarehe ya mwisho tuliyomwona, basi. Mmoja alirudi baada ya miezi saba, akapita moja kwa moja kwenye cherehani ya katikati, akauona mkanda umelegea, akaukata kidogo na kuuunga kabla hajasalimia mtu. Kisha ndiyo akasema, "Shikamoo fundi." Alikaa wiki tatu, akaondoka tena.

Chagua siku moja unayoiweza hata kwenye msimu wa kazi nyingi, ambao kwa fundi wa sare ni Desemba na Januari. Saa tatu za kila wiki kwa miaka miwili ni bora kuliko wiki nzima ya semina. Nililijua hilo, na bado Alhamisi moja ya Aprili mvua ilinyesha tangu asubuhi, nikajisemea leo hakuna atakayekuja. Jumapili mlinzi akaniambia wanne walisimama chini ya paa mpaka giza. Tangu hapo ufunguo wa pili anao mama wa uji, na namba yake ya simu iko mlangoni, chini ya ile ya 116.